Wimbi Dogo Mbele ya Tarehe

Nilikwenda Wembley kuandika habari za muhogo. Katika barabara ya Ealing Road, ambako Wahindi waliohama Kenya na Uganda walifungua maduka yao, muhogo wa kukaanga huuzwa kwa jina la mogo, nami nilidhani kwamba neno hilo, lililovuka bahari likaangusha silabi moja njiani, lingenitosha kwa makala ya Jumamosi. Lakini mwenyeji wangu, bibi wa makamo mzaliwa wa Mombasa ambaye ameniomba nisimtaje jina, alikuwa ameacha kompyuta wazi juu ya meza ya chakula, na kwenye kioo chake, mbele ya tarehe 1 Januari, niliona alama mfano wa wimbi dogo, hii: ~. Nikauliza ni nini. Muhogo ukapoa sahanini.

Programu iliyokuwa wazi kwenye kioo kile ni OpenMRS, daftari la wagonjwa la kompyuta ambalo wataalamu wa Indiana, Marekani, pamoja na wenzao walianza kulibuni mwaka 2004, likaanza kazi Eldoret Februari 2006, na tangu hapo limeenea katika nchi nyingi. Ni programu huria: msimbo wake u wazi, na yeyote mwenye ujuzi na subira aweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha, na kupeleka rekebisho lake likaguliwe. Humo madaktari hupata historia za wagonjwa wao, na humo humo watafiti huchota takwimu za maradhi.

Sasa turejee kwenye wimbi. Bibi huyu, ambaye kabla ya kuja Uingereza alikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati moja ya pwani, alinieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyaona kwa macho yake, kwamba mgonjwa mzee akiulizwa siku aliyozaliwa aghalabu hujibu kwa mvua, kwa njaa au kwa tukio, akasema alizaliwa miaka michache kabla ya yale mafuriko makubwa ya 1961, au kwamba alikuwa mwari wakati wa Uhuru. Na karani, mwenye foleni ya watu arobaini nyuma ya mzee huyo, hana budi kuyageuza maneno hayo kuwa namba. Basi huandika umri tu: miaka sabini. Hapo programu hufanya jambo ambalo bibi alinionyesha katika msimbo wenyewe, mistari michache isiyojaza kiganja. Huchukua tarehe ya leo, huirudisha siku kuwa ya kwanza na mwezi kuwa Januari, huondoa miaka sabini, kisha, na hapa ndipo alipogonga kioo kwa ukucha, hujiandikia pembeni kwamba tarehe hii imekisiwa: kweli. Kutokana na ungamo hilo ndipo wimbi huja likasimama mbele ya tarehe.

Kwangu mimi, niliyezoea mashine zisizokiri kosa hata zikishikwa mkono, huu ulikuwa muujiza mdogo.

Bibi hakushangaa. Alichotaka nikielewe ni madhara ya kuliacha wimbi lidondoke. Alinipa mfano wa mtoto. Mama amemleta mwanawe mwezi wa Novemba, akasema ana miaka miwili, karani akaandika miwili pekee. Programu itampa mtoto Januari ya kwanza ya mwaka wa juzi, na kwa hesabu hiyo atakuwa ametimiza miaka miwili na miezi kumi, ilhali huenda alitimiza miwili wiki iliyopita. Akipimwa uzani na kulinganishwa na watoto wa miezi thelathini na minne, ataonekana amekonda kwa utapiamlo, kumbe ni mzima wa afya. Daktari aliye mbele yake atamtazama, atacheka naye, na kosa litasahihika papo hapo. Lakini mtafiti aliye mbali, aliyepokea jedwali la watoto elfu kadha, hana uso wa kutazama, na kama aliyeandaa jedwali alichukua safu ya tarehe akaiacha ile safu ya ungamo, atakuwa na yakini isiyo na msingi.

Wanaohesabu watu wameijua fitina hii zamani. Wana kipimo kiitwacho kwa jina la Whipple, ambacho hutazama wenye umri wa miaka 23 hadi 62 na kuuliza ni wangapi waliotaja umri unaoishia kwa sifuri au tano: kikiwa 100 hapana upendeleo wa tarakimu hizo, kikifika 500 kila mtu ametaja mojawapo. Lakini kipimo hiki hufichua ugonjwa wa umati tu; hakiwezi kusema ni mzee gani aliyekisiwa. Hilo ni wimbi peke yake lilisemalo.

Na mchango wa bibi huyu katika programu hii ni nini? Neno moja. Nilipomuuliza alicheka, kisha akanieleza kwa nusu saa. Mchana huhudumia wazee majumbani, usiku hutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili bila ujira, na kwa majuma mawili alikwama kwenye neno la kulieleza wimbi. Kwanza aliandika "imekisiwa", akalifuta, kwa kuwa pwani mtu akiambiwa amekisia husikia kama ametupa jiwe gizani, na karani hakutupa; aliuliza, akasikiliza, akapima. Akajaribu "imekadiriwa", akaliona linanuka bajeti ya serikali. Mwishowe akafikia "takriban", neno ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ndugu wa "karibu", na akaona kwamba humo mna adabu anayoitafuta: mzee hakukosea wala karani hakubuni, wote wawili wamefika karibu na ukweli wakasimama mlangoni. Akalipeleka. Mkaguzi, ambaye hamjui na hajapata kumwona, alimwandikia kuuliza kwa upole kwa nini asitumie kitenzi kama lugha nyingine, naye akajibu kwa aya tatu. Nilizisoma. Laiti wahariri wetu wangebishana hivi juu ya neno moja.

Nilimuuliza kama karani wa Eldoret, aliyezoea kuisoma programu kwa Kiingereza, atalihitaji neno hilo hata kidogo. Alinyamaza kitambo. Akasema hajui, mwanangu, na kwamba swali hilo humjia kila usiku afungapo kompyuta. Nani atailinda safu ya ungamo majedwali yakisafiri, na kwa nini kazi ya namna hii iachwe kwa mwanamke aliyechoka wa Wembley, hayo pia hakuyajibu, nami sikuona insafu kumshikilia.

Nje palikuwa na mechi, na umati uliokuwa ukielekea kwenye uwanja uwezao kupokea watu 90,000 ulipita chini ya dirisha ukiimba. Bibi akafungua saraka, akanionyesha pasipoti ya mama yake. Mama huyo, ambaye kwa masimulizi ya nyumbani alizaliwa wakati wa masika, alijaziwa tarehe na ofisi fulani kwa sababu fomu haikukubali nafasi tupu. Na kati ya wazee wa Afrika Mashariki anaowahudumia binti yake, wanne wana tarehe ile ile.

Nilipoaga, "takriban" lilikuwa bado linangoja mkaguzi. Pasipoti ya mama inasema 1 Januari 1944, na mbele yake hakuna wimbi.