Utangulizi: Kusoma Utoto na Asili Kutoka Kwenye Mahame

Muulize mzee wa Majengo, hapa Mpanda mjini, kwao ni wapi, na mara nyingi hatakujibu kwa jina la kijiji kimoja. Ataanzia Karema ziwani, apitie Uruwira, ndipo afike mjini. Jirani yake alizaliwa Katumba, ila wazazi wake walitoka Burundi. Wa tatu ni Mkonongo ambaye kijiji cha babu yake kilihamishwa na serikali, kisha kikahamishwa tena. Mwanafunzi anayeanza kutafiti historia ya familia hukata tamaa hapo, akidhani amekosa pa kuanzia. Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili yake. Nataka aone kwamba kule kuhama ndiko historia yenyewe, na kwamba Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unafaa kwa mafunzo haya kuliko vijiji ambavyo watu wake hawajawahi kung'oka.

Fani hii ya kukusanya historia kwa masimulizi ina wazee wake. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi, alitoa mwaka 1961 kitabu kilichowashawishi wanahistoria wengi kwamba neno la mdomo hupimika kama hati inavyopimika. Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya masimulizi ya Wapare na kuyatolea kitabu mwaka 1969. Kwa upande wetu, Roy Willis alitafiti Ufipa na kuchapisha mwaka 1981. Nawaheshimu wote, ila wengi wa kizazi hicho waliuliza zaidi habari za watawala, vita na koo zilizoshika enzi. Mtoto aliyechunga mbuzi hakuulizwa. Aliyemkumbuka mapema ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyojaa kilimo, ugonjwa, ndoa na malezi. Kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1980. Msomaji mpya akiniomba kitabu kimoja cha kuanzia, nampa hicho.

Uingereza nako kazi ya namna hii imefanywa kwa upendo mkubwa. George Ewart Evans, aliyehamia kijiji cha Blaxhall huko Suffolk, aliwasikiliza majirani zake wazee wakieleza jinsi walivyokata majani ya mifugo na kuoka mikate, akatoa kitabu mwaka 1956. Miaka miwili kabla yake, Maurice Beresford alikuwa ameandika kuhusu vijiji vya Uingereza vilivyotoweka, vingine kwa sababu wenye ardhi waliona kondoo wana faida kuliko wakulima. Kwa hiyo hata nchi inayosifiwa kwa vijiji vyake vya kale ina mahame yake. Tofauti ni kwamba parokia za kule ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Sisi daftari letu la karibu linaanzia Karema, ambako Mapadri Weupe waliichukua mwaka 1885 ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879.

Karema hiyohiyo ndiyo inayotupa kisa cha utoto ambacho kila mwanafunzi wangu lazima akijue. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa mwambao huo hadi alipofariki mwaka 1956. Alisimulia maisha yake mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1946. Mtu aliyeng'olewa kwao utotoni akaoa hapa, akazeeka hapa, akazikwa hapa. Anayedai kwamba asili ya mtu ni pale tu kilipozikwa kitovu chake na amtazame Atiman kwanza.

Kumbukumbu ya utoto ni ushahidi wa namna yake. Mtoto hashiki mwaka wala jina la mkuu wa wilaya. Hushika njia ya kisimani, mti alioangukia, harufu ya migebuka iliyokaushwa, utamu wa furu na mbura za porini, sauti ya baba akilina asali usiku. Ndiyo maana ukiuliza "mlihama mwaka gani?" utapata jibu la kubahatisha, na ukiuliza "mlikuwa mkichota maji wapi?" utakaa hadi jua lizame. Mwaka ni kazi ya mtafiti. Anautafuta kwa kulinganisha masimulizi na mambo yanayojulikana: nzige wekundu waliotanda miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambao mbuga za Iku na Katavi ni miongoni mwa mazalio yao, au treni ya kwanza kutoka Kaliua, kwenye reli ya kilomita zipatazo 210 iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira Minerals. Bibi akisema alizaliwa "reli ilipokuwa bado inalazwa," amekupa mwishoni mwa miaka ya 1940 bila kutaja tarakimu.

Mahame ya Katavi yana tabaka, na kila tabaka lina sababu yake. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa nyika zenye mbung'o kwenye makazi makubwa ili kuzuia malale. Mashamba yao yakarudi kuwa pori, na pori likawa la wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Jina lake ni la mzimu wa Wabende, Katabi, anayesemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na ziwa. Mgeni huiona ardhi hiyo kama pori la tangu kale, lakini mtafiti hutafuta miembe iliyojipanga, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia na mavi ya chuma, kisha huuliza ni nani waliotoka. Juu ya tabaka hilo ikaja Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kuagiza mwaka 1973 kwamba ifikapo 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini. Wasukuma nao wakaingia Mpimbwe na ng'ombe wao.

Nitatulia kidogo kwa waliotoka Burundi, kwa kuwa hapo fani inadai uangalifu wa pekee. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwaleta kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na baadaye Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini miaka ya 1985 na 1986, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aligundua kwamba waliokaa makazini walikuwa wakisimulia historia moja nzito ya taifa lililo uhamishoni, ilhali wenzao wa mjini walipendelea kuyeyukia miongoni mwa majirani bila kuitwa wakimbizi. Walitoka nchi moja, katika msiba mmoja, lakini mahali walipoishi paliwajengea kumbukumbu mbili. Kwangu huo ndio ugunduzi unaotusaidia zaidi hapa Mpanda. Unatufundisha kumuuliza msimulizi alichokumbuka, na pia alikisikia wapi, kwa nani, na wangapi walikuwa wakikirudia kila jioni.

Unatuonya vilevile. Maelfu kwa maelfu ya watu hao wamepewa uraia wa Tanzania, na familia iliyosubiri miongo mingi kuitwa raia ina haki ya kushtuka ikiulizwa asili yake na mtu mwenye daftari. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Eleza rekodi itawekwa wapi. Mzee akisema "hilo liache," liache, hata kama ndilo ulilolifuata.

Aliyekimbia mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka kumi sasa amepita sitini, sawa na mtoto aliyeona nyumba yao ikiachwa wakati wa Operesheni Vijiji. Anza kwao, wakati wa kiangazi mavuno yakishaingia ghalani. Nenda na karatasi kubwa na penseli, mpe shikamoo, kaa chini, kisha umwombe akuchoree kijiji alichokulia: kisima, mti wa mikutano, nyumba ya shangazi, njia ya shuleni. Wajukuu watajazana kutazama, na watauliza maswali mazuri kuliko yako. Waache waulize. Mchoro ukikamilika, pitia nyumba moja moja, uulize nani alikaa pale na alielekea wapi.