Unabadili haisi ya otomatiki iwe manyuali? Anza na pedali ya klachi

Najua mtasema bwana shamba kaacha zabibu kaingia gereji. Lakini zabibu ikishakatwa haisubiri, na gari likilala, mavuno yanalala nalo.

Kikundi kimoja cha wakulima wa zabibu huku Hombolo kilikuwa na HiAce otomatiki iliyotoka Japani. Gia boksi ikafa. Waliponiuliza, nikawaambia wafunge ya manyuali: mafundi wetu wengi wanaimudu, na betri ikiisha nguvu unalisukuma gari linawaka. Hapo sikukosea. Nilikosea kuwaambia watafute gia boksi peke yake. Ilipofika, fundi akauliza, "Pedali ya klachi iko wapi?" Hatukuwa nayo. Tuliihangaikia wiki tatu, mavuno ya Agosti yameshaanza, na kikundi kikawa kinalipia gari la kukodi. Naandika ili yasikukute na wewe.

Kwa nini pedali inasumbua?

Otomatiki ina pedali mbili tu, breki na mafuta, na ya breki ni pana. Ya manyuali inakaa kwenye kishikio chake cha chuma, kinachofungwa kwa bolti mbele ya miguu ya dereva. Matundu na urefu wake hutofautiana kati ya toleo moja la haisi na jingine. Pedali ya gari la usukani wa kushoto nayo haitakaa kwenye gari letu. Usikubali kuchomelewa pedali ya gari lingine. Ikikatika na mzigo mlimani, utajuta.

Dai vitu hivi kwa pamoja, ikiwezekana vyote kutoka gari moja lililokatwa:

1. Pedali ya klachi na kishikio chake, springi, pini na bushi zake.
2. Pedali ya breki ya manyuali, ile nyembamba.
3. Klachi masta ya juu pamoja na fimbo yake, na ya chini iliyoko kwenye gia boksi.
4. Bomba na mpira wa kupitisha mafuta ya klachi.
5. Flaiwili na bolti zake, klachi pleti, presha pleti na beringi.
6. Propela shafti. Ya otomatiki inaweza isilingane urefu.

Klachi masta za juu na chini zinunue mpya au badilisha mipira yake. Za mtumba zikikaa kavu muda mrefu huvuja.

Namna ya kutafuta

Piga picha kibati cha gari chenye namba ya chesesi, modeli na aina ya gia boksi. Anza na mafundi wa Dodoma mjini wanaokata magari. Ukikosa, tafuta kwenye maduka ya spea Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam. Muuzaji akutumie picha ya pedali ikiwa na kishikio, pande zote, kabla hujatuma hela. Jumlisha bei ya vitu vyote sita na ufundi. Ikizidi bei ya gia boksi nyingine nzima ya otomatiki, rudi kwenye otomatiki, hakuna aibu.

Siku ya kufunga

Otomatiki huwaka ikiwa kwenye P au N tu, kwa hiyo fundi wa umeme lazima abadili waya za stata na taa za rivasi. Mwambie stata ipitie swichi ya pedali ya klachi, gari lisiruke likiwa kwenye gia. Weka mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, si ya gia boksi. Hayo yanaharibu mipira. Watoe upepo wote, na pedali ibaki na mchezo kidogo, kama sentimita moja.

Yote haya yafanye kabla ya msimu. Gia boksi bila pedali ni chuma cha kukalia tu, nasi tuliikalia wiki tatu. Tukutane shambani.