Damu haiamui kilicho sufuriani

Majuma machache yaliyopita nilimtembelea shemeji yangu mjini Kakamega, nikakaribishwa kwa kikombe cha maji moto. "Shemeji, maziwa hayaingii tena humu ndani," alinieleza. "Sisi ni kundi O." Kumbe alikuwa ametoa damu, akapewa kadi, kisha jirani akamwuzia karatasi yenye orodha ya vyakula. Maziwa, ugali wa mahindi, chapati na maharagwe vilikuwa vimepigwa marufuku. Watoto walikuwa wakisubiri nyama, ambayo mshahara wa mwalimu huimudu mara moja kwa juma.

Orodha hiyo ina asili yake. Mwaka 1996 Peter D'Adamo, tabibu wa tiba asilia nchini Marekani, alichapisha kitabu akidai kwamba O ni damu ya wawindaji wa kale, kwa hivyo wale nyama. A ni ya wakulima, wale mboga. B ni ya wafugaji, hao ndio wanywe maziwa. Kisa kitamu, lakini ni kisa tu. Makundi haya, ambayo Karl Landsteiner alianza kuyabainisha mjini Vienna mwaka 1901, yapo hata miongoni mwa jamii ya sokwe, ambao hawajawahi kushika jembe wala kujenga zizi. Isitoshe, uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa hutegemea jeni iliyo kwenye kromosomu ya 2, ilhali jeni ya makundi ya damu iko kwenye kromosomu ya 9. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwachunguza watu 1,455. Waliokula kwa namna inayokaribia mlo wa kundi A walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, wawe wa A au la. Mboga haikuwauliza kadi.

Mbona basi tunaamini upesi hivi? Nadhani lugha yetu imetuandaa. Tunasema damu za fulani na fulani zimepatana. Anayechukiwa bila sababu ana damu ya kunguni. Mtoto wa ndugu ni damu yetu. Katika Kiswahili, damu ni tabia, ni bahati, ni ukoo. Herufi ya maabara, ambayo kazi yake hasa ni kumwonya daktari asimtie mgonjwa damu isiyomfaa, imeangukia neno lililokwisha kubeba mizigo yote hiyo, nasi tukaisoma kana kwamba ni ramli.

Maharagwe ya shemeji yalikuwa bado guniani, wadudu wameanza kuyatoboa. Karatasi ilionya juu ya lektini iliyomo ndani yake. Ni kweli, maharagwe mabichi yana lektini inayodhuru, lakini kuyachemsha hadi yakaiva barabara huiharibu, jambo ambalo mama zetu walilifanya bila kupimwa damu. Nilimweleza hayo. Aliinjika sufuria jioni ile, watoto wakala. Karatasi yenyewe hakuibandua ukutani.