Saladi ya Moto ya Viazi: Chakula cha Wajerumani Kinachoiva Ukiwa Zamuni



Katika mkutano wa kamati ya akina mama wa tawi letu moja la kiwanda cha chai, mama mmoja alisimama akauliza jambo ambalo halikuwa katika ajenda. Alisema yeye hutoka kazini saa kumi alasiri, akifika nyumbani ndipo aanze kumenya, kukata na kuwasha moto, na watoto hula saa mbili za usiku huku wanasinzia. Saa za kiwandani zinahesabiwa na kulipwa. Hizo nyingine nne, aliuliza, zinahesabiwa na nani?

Mdogo wake anayefanya kazi Ujerumani alikuwa amemletea chungu cha umeme kinachopika polepole, pamoja na karatasi ya maelezo ya saladi ya moto ya viazi. Mama huyo alitaka chama kimwambie kama kitu hicho ni msaada au ni pambo la kabatini.

Siku ile hatukuwa na jibu. Basi tulikichukua chungu, tukapika mara tatu katika ofisi ya tawi. Mara mbili tuliharibu, mara ya tatu tukala tukashiba. Leo twaeleza tuliyojifunza, ili mwenzetu mwingine asipoteze viazi vyake.

CHAKULA CHENYEWE

Wengi wetu tukisikia neno saladi twafikiria kachumbari, yaani kitu kibichi na cha baridi. Hii si hivyo. Ni viazi ulaya vilivyopikwa, vikakatwa vipande vyembamba, vikachanganywa na kitunguu, siki, supu ya nyama, na vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi. Huliwa vikiwa vya moto au vuguvugu. Wajerumani wa kaskazini hupenda saladi yao baridi, yenye mayonezi. Wale wa kusini, wa Bavaria na Swabia, humwagia viazi supu ya moto na siki. Mkesha wa Krismasi nyumba nyingi za Ujerumani hula saladi ya viazi na soseji, kwa sababu ni rahisi kuandaa.

Kiazi hakikuwa cha kwao. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1756 Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alitoa amri wakulima wapande viazi, kwani nafaka ilikuwa ikipungua na njaa ikija. Karne iliyofuata, viwanda vilipoenea, kiazi kikawa chakula cha mfanyakazi wa Kijerumani kama ugali na matoke yalivyo kwetu. Mwezi wa Aprili 1847, bei ya viazi ilipopanda baada ya mavuno mabaya, watu maskini wa Berlin walivamia masoko kwa siku kadhaa. Mtu havamii soko kwa ajili ya pambo la mezani.

CHUNGU KILITOKA WAPI

Chungu hiki hakikutoka Ujerumani. Ni cha Marekani. Aliyekibuni ni Irving Naxon, naye alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia mambo ya utoto wake katika mji wa Vilna, ambao leo waitwa Vilnius, nchini Lithuania. Dini ya Kiyahudi hukataza kuwasha moto siku ya Sabato. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya jua kutua, chungu cha nyama, maharage na viazi kilipelekwa kwa mwoka mikate, kikaachwa katika tanuri lenye joto linalopungua, na kesho yake chakula kikawa kimeiva. Naxon alitafuta njia ya kupata joto hilo dogo kwa umeme, pasipo tanuri.

Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara ya Naxon, na mwaka 1971 ikakitoa chungu hicho kwa jina la Crock-Pot. Kilinunuliwa sana, maana miaka hiyo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakiingia katika kazi za mshahara. Nchini humo kulikuwa na wajukuu wengi wa Wajerumani waliohamia huko, nao wakaitia saladi ya bibi zao katika chungu kipya. Hivyo ndivyo chakula na chombo vilivyokutana.

Kwa ndani chombo hicho ni chungu cha udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kioo, kimekaa katika ganda lenye waya wa joto. Hutumia umeme mdogo, kwa kawaida kati ya wati 150 na 300. Kina kiwango cha chini na kiwango cha juu. Mfuniko huzuia mvuke usitoke, kwa hiyo maji hayakauki na chakula hakiungui upesi.

MAKOSA YETU MAWILI

Mara ya kwanza tulitia kila kitu pamoja, na siki ndani yake, katika kiwango cha chini. Baada ya saa nne wajumbe wakawa na njaa, tukafunua. Viazi vilikuwa vigumu, tukavitafuna kama karoti. Tukasema chungu ni kibovu.

Mara ya pili tuliacha siki nje. Tukatia viazi, supu na kitunguu tangu saa moja asubuhi, tukaenda kazini. Tuliporudi saa kumi vipande vilikuwa vimevurugika, ukikoroga ni uji.

Tulipouliza wanaojua, tulikuta chungu hakina kosa. Kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo vimeshikanishwa na kitu kama gundi kiitwacho pektini. Joto huilegeza gundi hiyo, na hapo ndipo twasema kiazi kimeiva. Siki ikiwapo, gundi hukawia sana kulegea. Ndiyo sababu kiazi kilichotiwa siki mapema hubaki kigumu kwa saa nyingi, na kisichotiwa huvurugika kikiachwa kutwa.

Kwa hiyo siki ndiyo inayoshika saa. Ukiwa na zamu ndefu, itie mwanzoni, nayo italinda vipande mpaka urudi. Ukiwa nyumbani na wataka kula baada ya saa chache, itie mwishoni, viazi vikiwa vimekwisha kuiva.

NAMNA YA KUPIKA KWA AJILI YA ZAMU

Kwa watu sita yatakiwa haya: viazi kilo moja na nusu, vitunguu viwili vikubwa, siki nusu kikombe, supu ya mifupa nusu kikombe, unga wa ngano vijiko viwili vya mezani, sukari vijiko viwili vya mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, na nyama ya nguruwe ya moshi gramu 200. Kikombe tunachosema ni cha mililita 250. Msishangae uchache wa maji, kwani hayakauki.

Chagueni viazi visivyopasuka vikichemshwa. Kiazi kizuri kwa kuponda si kizuri kwa saladi. Chenye rangi ya kijani kitupwe, maana kina sumu ambayo haiishi kwa kupikwa.

Usiku, viazi vimenywe na kukatwa vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawasawa, kisha vilazwe katika maji baridi visiwe vyeusi. Asubuhi mwageni maji hayo, mpange viazi na vitunguu katika chungu. Korogeni siki, supu, unga, sukari, chumvi na pilipili, mmiminie juu. Funikeni, wekeni kiwango cha chini. Huiva kwa saa nane hadi kumi. Chungu kisijae kupita robo tatu, wala kisiwe chini ya nusu. Na aliyebaki nyumbani asifunue kutazama, kwani joto likitoka huchukua muda mrefu kurudi.

Mkirudi kazini, kaangeni nyama mpaka ikauke, mtie chunguni pamoja na mafuta yake, na majani mabichi ya kitunguu yaliyokatwa. Korogeni taratibu. Kazi ya jioni ni dakika 10 au 15. Wasiokula nguruwe wakaange vitunguu vingine katika mafuta mpaka viwe vyekundu, au watumie soseji ya ng'ombe. Kileni kingali cha moto, kwani kiazi cha moto hunywa mchuzi, na kilichopoa hubaki na mchuzi kwa nje tu.

YA KUANGALIA

Kwanza, volti. Chungu kilichonunuliwa Marekani kimeundwa kwa volti 120. Umeme wetu Uganda ni volti 240, nacho kikichomekwa hapa kitaungua. Cha Ujerumani kinafaa, ila kichwa cha waya ni tofauti. Someni kibao kilicho chini ya chungu kabla ya kuchomeka.

Pili, umeme kukatika. Chakula kilicho vuguvugu, chini ya nyuzi 60 za sentigredi, ni shamba la vijidudu vya magonjwa. Ukirudi ukakuta umeme umekatika na hujui tangu saa ngapi, kitupeni. Inauma, lakini kuharisha kwa nyumba nzima kunauma zaidi, na siku za kazi zinapotea.

Tatu, maharage. Tunajua mtu akipata chungu hiki atataka kukitilia maharage. Maharage mekundu yana sumu ambayo joto dogo haliiui. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali katika sufuria kwa nusu saa kabla ya kutiwa chunguni.

Nne, mahali. Kiwekwe juu ya meza imara, mbali na pazia na nguo, kikichomekwa ukutani peke yake. Wanaokaa katika nyumba za shamba waulize kwanza kama nyaya na kanuni za nyumba zinaruhusu. Chumba chenye waya uliochubuka si mahali pa kuacha kitu kikiwaka huku hakuna mtu.

JE, KINAPUNGUZA GHARAMA?

Hapa tuseme kweli. Chungu cha wati 200 kikiwaka saa nane hula yuniti 1.6. Jiko la umeme la wati 1,500 likichemsha viazi hivyohivyo kwa nusu saa hula yuniti 0.75. Kwa viazi, basi, chungu hiki hakipunguzi bili. Kinachopunguza ni saa za mtu kusimama jikoni jioni. Kila nyumba ipime yenyewe kama saa hizo zinafaa bei yake.

Asiye na umeme ana njia ya zamani. Wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa na sanduku lililojazwa nyasi kavu, waliloliita Kochkiste. Chakula kilichemshwa motoni kidogo, sufuria ikafunikwa vizuri ikazikwa ndani ya nyasi, ikaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Kapu kubwa lenye majani makavu ya ndizi na mto wa matambara juu yake hufanya kazi hiyohiyo. Chemsheni vipande vya viazi kwa maji na chumvi dakika tano, bila siki, mtie kapuni saa moja na nusu. Kisha mwageni maji, mmiminie siki na supu ya moto. Makaa hupungua sana. Lakini kapu halifai kwa zamu nzima, kwa kuwa joto hushuka na kufika palepale vijidudu vinapopenda. Hilo ni la Jumapili, au kwa nyumba yenye mtu wa kuangalia.

JIBU LETU

Tulimrudishia mama chungu chake pamoja na jibu. Ndiyo, kinasaidia. Akirudi saa kumi na nusu, kabla ya kumi na mbili watoto wamekwisha kula. Lakini chungu hakimenyi viazi, hakikati vitunguu, hakioshi vyombo. Tulipopima kazi yote, kumenya na kukata kulichukua dakika 40, na chungu hakikupunguza hata moja. Hizo zinahitaji mikono mingine ya nyumbani humo.

Mume wake ni mwanachama wetu, wa idara ya boila. Alikuwapo siku tuliyopika mara ya tatu, akala sahani mbili. Tulimwuliza mbele ya wajumbe ni nani atakayemenya usiku. Alicheka, kisha akakubali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Katibu wa tawi ameandika hivyo katika kumbukumbu za mkutano, na mkutano ujao tutamwuliza mama kama ahadi imetimizwa.

Matawi mengine yenye wenzetu waliojaribu chakula hiki, au kingine kinachofaa watu wa zamu, watuletee habari zake kwa makatibu wao.

Umoja ni nguvu.