Kompyuta ya Tawi Imewekewa Mfumo Mpya, Intaneti Imepotea



Mwezi wa Novemba mwaka 2025 niliitwa upesi na katibu wa tawi letu moja la shamba la chai, upande wa magharibi ya Uganda. Kompyuta ya ofisi yao ilitengenezwa na fundi siku ya Jumamosi, na tangu Jumatatu asubuhi ilikataa kabisa kupata intaneti. Siku ya Ijumaa tulikuwa na mkutano na wakubwa wa shamba, na karatasi tulizozitaka kwa mkutano huo zilipatikana kwa njia ya intaneti peke yake.

Karatasi zenyewe ni za akiba ya NSSF. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, kisha zote 15 zipelekwe. Wachuma chai waliona makato kwenye karatasi zao za mshahara, lakini hawakuwa na hakika kwamba pesa zilifika. Mama mmoja wa miaka 46 alikuwa ameomba achukue sehemu ya akiba yake, maana tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022, mwanachama aliyefika miaka 45 na aliyeweka akiba kwa miaka 10 huruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 20. Hesabu aliyoambiwa ilikuwa ndogo kuliko alivyotazamia. Wenzake 10 wakaja na neno hilo hilo.

Kuna watu watakaosema, mngeangalia kwa simu. Baki laweza kuonekana kwa simu, ni kweli, lakini sisi tulitaka karatasi inayoonyesha mwezi kwa mwezi, ya kuwekwa mezani mbele ya meneja. Mjini kuna duka la kuchapa, ila nauli ni ya juu, na siri ya pesa za watu kumi na mmoja haifai kuachwa ndani ya kompyuta ya duka.

Basi kwa nini kompyuta iliguswa? Ilikuwa ikiendeshwa na Windows 10. Mfumo huo ulikoma kupewa masahihisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11 haikubali kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, na yetu ni kuukuu kuliko hapo. Fundi alishauri Linux Mint, ambayo ni ya bure na hukimbia vizuri kwenye mashine za zamani. Shauri hilo halikuwa baya. Ubaya ni kwamba alifuta kila kitu, akaweka mfumo mpya, akapokea pesa zake akaenda bila kufungua hata ukurasa mmoja wa intaneti. Alipopigiwa simu alisema kazi lazima ianzwe upya, na bei ni Sh. 40,000/= nyingine. Katibu alikuwa karibu kulipa. Nikamwambia, ndugu, ngoja kwanza.

Mimi niliishia darasa la saba, wala sikusomea kompyuta. Nilichojifunza ni kuuliza maswali kwa utaratibu, kama tunavyofanya tukipokea shitaka la mfanyakazi: hatuanzi kwa waziri, tunaanza kwa msimamizi wa zamu.

Swali la kwanza haliihusu kompyuta. Chukua simu ya mtu yeyote, iunganishe na waifai ya ofisi, ufungue ukurasa. Simu nayo ikishindwa, basi shida iko kwenye raota au bando limekwisha, na kompyuta yako inaonewa bure. Pale tawini simu ilifungua mara moja. Kwa hiyo raota ilikuwa nzima.

Swali la pili: kompyuta inaonyesha nini ukibonyeza alama ya mtandao chini ya skrini, pembeni? Hapo kuna hali tatu, na kila moja ina ugonjwa wake. Ya kwanza, haionyeshi jina la waifai yoyote. Ya pili, inaonyesha majina lakini inakataa neno la siri. Ya tatu, inasema imeunganishwa, na bado kurasa hazifunguki. Mtu anayekuambia tu kwamba intaneti haifanyi kazi hajakuambia kitu. Mwulize ni hali ipi katika hizo tatu.

Yetu ilikuwa ya kwanza. Hakuna jina hata moja, wala lile la raota iliyokuwa juu ya meza ile ile. Maana yake kompyuta haikijui kifaa chake chenyewe cha waifai. Kwanza tazama kama kimezimwa: laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege kwenye safu ya juu, na za zamani nyingine zina swichi ndogo ubavuni. Kidole cha mtoto chaweza kuizima. Sisi tulitazama, haikuwa hiyo.

Iliyobaki ni draiva. Hii ni programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kutumia kifaa fulani. Windows ya zamani ilikuwa nayo, ikafutwa pamoja na vitu vingine. Ukifungua dirisha la kuandikia amri katika Linux, uandike lspci, mashine inataja vifaa vyake vingi vya ndani, na kwenye mstari wenye neno Network tuliona jina Broadcom. Waifai nyingi za Broadcom katika laptopu za zamani hutaka draiva ya kampuni yenyewe, na Linux Mint haiiweki mpaka uiombe. Kuiomba ni kazi nyepesi, pana sehemu katika orodha ya programu iitwayo Driver Manager. Ila mara nyingi draiva hupakuliwa kutoka intaneti, na sisi intaneti ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta! Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Njia ya kutoka ni waya. Kama raota iko karibu na kompyuta ina tundu la waya wa mtandao, chomeka tu, kwa kawaida itafanya kazi bila kuuliza. Laptopu ya tawi tundu lake lilikuwa limevunjika, hivyo tulitumia simu ya Android. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu, mahali pa kugawa intaneti, unawasha kugawa kwa USB. Kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao. Na simu ikiwa kwenye waifai ya ofisi, itapitisha waifai hiyo hiyo, huli bando lako. Hapa tulipoteza nusu saa nzima, kwa sababu waya ulionunuliwa sokoni ulikuwa wa kuchaji tu, haupitishi habari. Waya wa pili, wa dada mhasibu, ukakubali papo hapo.

Baada ya hapo draiva ilipakuliwa, tukazima na kuwasha, na majina ya waifai yakajitokeza. Fundi alitaka Sh. 40,000/= kwa kazi hiyo. Nyongeza mbili tu. Asiye na simu ya kufaa arudishe ile flashi iliyotumiwa kuweka mfumo, maana draiva ya Broadcom imo ndani yake. Na kwenye mashine zenye ulinzi uitwao Secure Boot utaambiwa uchague neno la siri wakati wa kuweka draiva, halafu ukiwasha tena inatokea skrini ya bluu inayokuuliza neno hilo. Wengi huogopa, wanaipita. Ukiipita, draiva haitaruhusiwa kufanya kazi.

Kwa hali ya pili maneno ni machache. Mfumo wa zamani ulikumbuka neno la siri la waifai kwa niaba yako, mpya haukumbuki kitu. Tazama karatasi iliyobandikwa chini ya raota, uandike herufi kubwa na ndogo kama zilivyo.

Hali ya tatu inadanganya zaidi, kwa sababu alama inaonyesha kwamba yote ni sawa. Anza kwa kutazama saa na tarehe. Kompyuta kuukuu ina betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, mashine inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kurasa nyingi zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri. Tarehe ikiwa sawa, andika ping 8.8.8.8 kwenye dirisha la amri. Ikijibiwa, na majina ya kurasa bado hayafunguki, basi kilichopotea ni huduma ya DNS, ile inayogeuza majina kuwa namba. Ingia katika mipangilio ya mtandao, ufute namba zozote zilizoandikwa kwa mkono, urudishe kwenye kujipangia yenyewe.

Wanaoweka Windows upya nao hukutwa na jambo hili la draiva. Kwao, soma jina la modeli chini ya laptopu, pakua draiva ya waifai kutoka kwa mtengenezaji kwa kutumia kompyuta nyingine, ilete kwa flashi.

Lakini ndugu makatibu, haya yote yangeweza kujulikana kabla ya kitu kufutwa. Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa yaliyomo ndani ya kompyuta. Mwambie fundi aiwashe hivyo, ajaribu waifai na printa mbele yako, na ikishindwa utajua mapema ni kifaa gani kinataka draiva. Andika neno la siri la waifai kwenye daftari. Nakili daftari la wanachama na barua zote kwenye flashi nyingine, ikae kwa mweka hazina, si kwa fundi. Na malipo yatoke baada ya ukurasa kufunguka.

Alhamisi jioni tulichapa karatasi 11. Kwa watu saba hesabu ilikuwa kamili. Kwa wanne, pamoja na mama yule, miezi minne haikuonekana, kuanzia Mei mpaka Agosti, na karatasi zao za mshahara zilionyesha wamekatwa. Mkutanoni meneja aliomba siku saba apeleleze. Siku ya nane tulifungua tena kompyuta ile ile: miezi mitatu ilikuwa imeingia. Wa nne tungali tunaudai.