Ufunguo wa Sanduku la Babu

Ukitaka kusoma historia ya familia ya Meru au Embu, hudhuria mazishi. Kabla jeneza halijashushwa utakabidhiwa kijitabu chenye picha ya rangi jaladani, na ndani yake maisha ya miaka themanini yamebanwa katika kurasa nne: alibatizwa misheni, akafundisha, akawa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa, akakaa kwenye bodi ya shule ya harambee, akawa mzee wa kanisa. Mara nyingine, kati ya ubatizo na ndoa, kuna sentensi moja tu kwamba marehemu alizuiliwa wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya Mau Mau. Alizuiliwa wapi, kwa kosa gani, aliachiliwa lini, hakuna anayesema. Waombolezaji wanafunua ukurasa unaofuata kutafuta majina yao kwenye orodha ya wajukuu.

Majibu yamo sandukuni, kama mchwa hawajayamaliza. Ni lile sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, ambalo likishachoka na shule hurudi nyumbani kuwa makavazi ya ukoo. Ndani mna stakabadhi za kodi, kadi za ubatizo, namba ya uanachama ya kahawa, barua zenye muhuri wa chifu. Wenye bahati bado wana kipande cha babu. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikibeba ndani ya kikebe cha chuma alichokitundika shingoni, na mwajiri akaandika humo mshahara wake na siku aliyomwachisha kazi. Karatasi za kahawa nazo zina heshima ya pekee huku kwetu. Serikali ya kikoloni ilipolegeza katazo la Waafrika kupanda kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilianzia majaribio Kisii, Embu na Meru. Jirani zetu wa Nyeri na Kiambu, waliozungukwa na mashamba ya walowezi, walisubiri sana.

Lakini kuna karatasi zinazotafutwa na zile zinazofichwa. Chukua uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mkoa wa Kati ulikuwa bado chini ya Hali ya Hatari, kwa hiyo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu, na mwenye sifa za elimu, mali au utumishi aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu wengi wakakosa cheti. Wameru wakawa na sauti kubwa kuliko idadi yao, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka 1944. Mate akawa mmoja wa wale wanane waliochaguliwa, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi.

Ushindi huo unaimbwa. Cheti kilichouwezesha hakiimbwi. Miaka sita baadaye nchi ilipata uhuru, na karatasi iliyompa babu haki ya kupiga kura ikawa karatasi ya kumwita msaliti. Nashuku vyeti vingi viliishia kwenye moto wa jikoni. Upande wa pili, aliyekuwa na ndugu msituni na Mwariama au Baimungi, makamanda wa Mau Mau, hakuthubutu kuweka chochote chenye maandishi, maana askari wakipekua na kukiona, nyumba nzima ilikwenda nacho. Kwa hiyo pande zote mbili zilichoma, na mara nyingine ni nyumba ile ile. Jackson Angaine alikuwa mtoto wa chifu, na bado alizuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Uhuru ulipofika akawa waziri wa ardhi na makazi. Familia za namna hiyo haziwezi kusimuliwa kwa karatasi za upande mmoja.

Serikali, kwa upande wake, haikuchoma zote. Makambi ya Mwea yalikuwa katika wilaya ya Embu ya wakati ule, na mwaka 1957 ndiyo yaliyofanyiwa majaribio ya kuwavunja wafungwa sugu kwa kuwagawa vikundi vidogo na kuwapiga mara tu wanapofika. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimweleza Gavana Baring kwa maandishi jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Majalada kama hayo yalisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru na kufichwa Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri mwaka 2011 kwamba inayo. Miaka miwili baadaye ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Mzee wa Embu aliyetaka kuthibitisha kwamba alipigwa Mwea alisaidiwa na faili la aliyeamuru apigwe. Ndani ya nyumba yake mwenyewe hakukuwa na kitu.

Wanawake wana shida zaidi. Majina ya nyanya zetu hayamo kwenye hatimiliki wala kwenye kumbukumbu za kamati. Mahali yanapojitokeza kwa wingi ni mahakamani. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilipopiga marufuku tohara ya wasichana, wasichana wa Meru waliamua kujitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Hadi 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walikuwa wameshtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Stakabadhi ya faini iliyosahauliwa chini ya sanduku inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki inayoonyesha msichana wa miaka kumi na minne akibishana na serikali.

Zipo familia ambazo hazihitaji sanduku ili zijulikane. Jeremiah Nyagah, mwalimu kutoka Mbeere, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na hakuachana na siasa za bunge hadi 1992. Kati ya hapo akawa waziri wa wizara kadhaa na kiongozi wa skauti nchini. Mwanawe Joseph alikuwa mbunge wa Gachoka, kisha waziri wa ushirika, na mwaka 2017 akawania urais. Norman naye alikuwa mbunge, Nahashon gavana wa Benki Kuu, na dada yao Mary Khimulu balozi wa Kenya UNESCO. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kufuata vizazi viwili vya nyumba hiyo katika taarifa rasmi za bunge. Taarifa rasmi, hata hivyo, humwonyesha mtu akiwa amevaa tai. Mzozo wa kamati ya maji, au barua ya mpiga kura aliyekasirika, hutavikuta humo.

Mbona basi masanduku hayafunguliwi? Husingiziwa uvivu, na mimi sikubali. Sababu ni ardhi. Mgao wa ardhi ulipofika Mbeere, mwanaanthropolojia Jack Glazier alishuhudia jinsi koo zilivyosimulia upya asili zao mbele ya kamati, kwa kuwa hadithi ya nani alifyeka msitu kwanza iligeuka ushahidi. Igembe na Tigania kuna mashauri ya mipaka yaliyorithiwa kama ng'ombe. Daftari la mikutano la babu limelala sanduku moja na hatimiliki, na mwenye ufunguo ndiye mwenye shamba. Mjukuu akiomba kuona picha za bodi ya shule, ami husikia anaomba ekari mbili.

Tena pa kuzipeleka karatasi ni mbali. Kituo cha kumbukumbu za taifa kilicho karibu kiko Nyeri, na hazina kuu iko Moi Avenue, Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa la benki. Humo ndimo zilimo nyaraka na vitabu vya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966, aliyekubaliana na serikali ichukue mkusanyo wake ungali mzima. Mlimani kwetu kuna vyuo vikuu vinne: Embu, Chuka, kile cha Nchiru penye makao ya Njuri Ncheke, na cha Wamethodisti pale Kaaga. Vyote vina skana na wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu. Mwanafunzi mmoja aende nyumbani, ami akiwa ameketi palepale na ufunguo mfukoni. Hatimiliki zibaki chini kabisa bila kuguswa. Lichukuliwe daftari la shule, la ushirika, la kamati ya mazishi lenye majina ya waliochanga shilingi mbili mbili, yapigwe picha na kurudishwa siku hiyo hiyo. Na haraka ifanywe kwa stakabadhi za miaka ya karibuni, zile za karatasi nyororo ya mashine, kwa sababu wino wake umeanza kufutika kabla hata wenyewe hawajazeeka.