Rwanda: Ugumu wa kufundisha historia ya mwaka 1994

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, Rwanda huanza siku 100 za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Maombolezo hayo, yajulikanayo kama Kwibuka, huadhimishwa pia na wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Kuwafundisha si kazi nyepesi, kwani shule zenyewe zilihusika. Kabla ya 1994, kabila la mwanafunzi liliwekwa kwenye rekodi za shule, na manusura wengi wamesimulia jinsi walimu walivyowaamuru watoto wa Kitutsi wasimame darasani ili wahesabiwe. Somo la historia liliwaeleza Watutsi kuwa wavamizi waliotoka mbali. Ndiyo maana, mauaji yalipokoma, serikali mpya ilisitisha kwa miaka kadhaa ufundishaji wa historia ya nchi.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka mada ya mauaji ya kimbari iguswe katika masomo mbalimbali. Hata hivyo, katika darasa moja huweza kuketi mtoto wa manusura na mtoto wa aliyehukumiwa na mahakama za gacaca, huku mwalimu naye akiwa na majeraha yake. Aidha, sheria inaadhibu vikali itikadi ya mauaji ya kimbari, na watafiti wameeleza kuwa baadhi ya walimu huepuka mjadala wakihofia kuteleza ulimi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini anayeumia ni mwanafunzi: swali lisilojibiwa darasani hulipeleka nyumbani, ambako huenda akapewa simulizi zilezile za zamani.

Kisa cha Nyange, magharibi mwa nchi, humfungulia mwalimu mlango. Usiku mmoja wa Machi 1997, watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya huko wakati wanafunzi wakijisomea, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kuwa wote ni Wanyarwanda. Kadhaa waliuawa. Leo wanafunzi hao, waliokufa na walionusurika, wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa wanaoenziwa kila tarehe 1 Februari, na baadhi ya walionusurika huwasimulia vijana wa umri waliokuwa nao wao usiku ule.